Milki au Amana? Tarehe ya Anglia, Televisheni ya Jimbo Iliyoweka Picha za Mbuga Zetu

*Kampuni iliyopewa leseni ya kuwahudumia watu wa mashariki mwa Uingereza ilikusanya hazina ya filamu zilizopigwa Tsavo, Serengeti na kandokando ya mto Nile. Kampuni ikanunuliwa, ikauzwa, ikamezwa. Hazina je, ni ya nani?*

Mwenye kushuka zile ngazi chache ziingiazo majini katika chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, huku askari wa wanyama aliyemsindikiza amebaki juu na bunduki yake begani, hujikuta katika chumba kidogo chenye madirisha ya vioo, maji yamemzunguka kana kwamba yeye ndiye samaki aliyetiwa chupani na samaki ndio waliokuja kutazama. Huwaona samaki wengi, wakubwa kwa wadogo, wakipita mbele ya kioo bila ya haraka. Kiboko, ambaye ndiye aliyemleta, aghalabu hamwoni.

Maji yale ni maangavu, kwani mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huchujwa na mawe ya volkeno kwa miaka kabla ya kububujika hapo, na hutoka kwa wingi wa lita zaidi ya milioni 200 kila siku. Sehemu yake huingia katika bomba lililokamilika mwaka 1957, likasafiri mwendo wa zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Hata mama wa Majengo ajazaye ndoo zake alfajiri, ikiwa siku hiyo mfereji haukukauka, huenda akawa anajitwika kichwani maji yaliyopita ubavuni mwa kiboko.

Lakini si maji peke yake yaliyosafirishwa kutoka Mzima. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, mume na mke, Alan Root na Joan Root, yule aliyeletwa Kenya akiwa mtoto na huyu mzaliwa wa Nairobi, walijitosa humo na kamera zao wakapata picha ambazo watu wachache mno walikuwa wamepata kuziona: kiboko akitembea chini ya maji kwa hatua nyepesi kama mtu achezaye ngoma usingizini, na samaki wakimwandama, hawa wakila kinyesi chake, wale wakimsafisha ngozi. Baadaye, katika chemchemi hizo hizo, kiboko alimng'ata Alan mguuni, na jino lake likatoboa miwani ya kuzamia aliyoivaa Joan, likauacha uso salama.

Filamu ile, ambayo jina lake ni *Mzima: Portrait of a Spring*, haikuwa mali ya serikali ya Kenya, wala haikuwa mali ya BBC kama wengi wangedhania. Iliingia katika hazina ya Anglia, kampuni ya televisheni ya jimbo moja la mashamba ya ngano na viazi-sukari, ambayo makao yake yalikuwa katika mji wa Norwich.

Mwandishi wenu alipewa kazi ya kuitafuta tarehe ya kampuni hiyo na ya vilivyomo katika maghala yake. Alichokikuta ni mas'ala ambayo wazee wa pwani wangeyatambua mara moja, maadamu wao walizoea kuigawa mali mafungu mawili: milki, ambayo mwenyewe akitaka huiuza, na wakfu, ambayo hushikwa kwa ajili ya wengine, na msimamizi wake hana ruhusa ya kuiuza hata akiwekewa dhahabu mbele yake.

Farasi wa fedha

Televisheni ya biashara ilihalalishwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1954, baada ya mabishano makali katika bunge, na matangazo yake ya kwanza yakasikika London tarehe 22 Septemba 1955. Waliotunga sheria ile walichelea jambo moja zaidi ya mengine: kwamba chombo chenye nguvu kiasi hicho kingeangukia mikononi mwa tajiri mmoja wa London. Kwa hiyo wakaikata nchi vipande vipande, na kila kipande kikapewa kampuni yake, chini ya mamlaka ya serikali iliyojulikana kwa herufi za ITA.

Mamlaka hiyo ndiyo iliyomiliki minara ya kurushia matangazo. Kampuni haikumiliki hewa wala mnara. Ilichokuwa nacho ni idhini ya muda, ambayo iliweza kupokonywa pindi muda ulipokwisha. Wala haya hayakuwa maneno ya karatasini tu. Mwaka 1968 kampuni ya TWW ya Wales na magharibi mwa Uingereza iliondolewa, na mwisho wa mwaka 1981 zikaondolewa Southern na Westward, ilhali hakuna hata moja kati yao iliyofilisika.

Sehemu ya mashariki ilipewa kundi la watu ambao orodha yao yenyewe ni hikaya. Mwenyekiti alikuwa Marquess Townshend, mwenye mashamba katika Norfolk. Ndani yake walikuwamo wenye gazeti la mji, yaani Norfolk News Company. Wakawamo wenye gazeti la *Manchester Guardian*. Akawamo John Woolf, mtengenezaji wa sinema. Akawamo Glyn Daniel, mwanachuoni wa mambo ya kale kutoka Cambridge. Na akawamo Aubrey Buxton, bwana wa kiungwana mpenda ndege, ambaye jina lake tutalirudia.

Wakalichukua jengo kongwe la shughuli za kilimo katikati ya Norwich, lililojengwa mwaka 1882, wakaligeuza studio. Mnara wa Mendlesham, wenye urefu wa futi 1,000 na unaohesabiwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko wote Ulaya katika siku hizo, ukasimamishwa, na tarehe 27 Oktoba 1959 matangazo yakaanza.

Alama ya kampuni ilikuwa sanamu ya fedha ya askari wa kale juu ya farasi wake, ameshika mkuki wenye bendera. Sanamu hiyo ilifuliwa mwaka 1850 kwa amri ya mfalme wa Uholanzi iwe kombe la mashindano. Kampuni ikaikuta kwa sonara wa London, ikainunua, ikaiweka juu ya kibao kizungukacho, ikaipigia muziki wa Handel. Kwa muda wa miaka karibu 30 watoto wa jimbo lile walijua kwamba kipindi cha kwao kinaanza kila walipomwona farasi yule akigeuka polepole, mwanga ukimteleza mgongoni.

» Kampuni haikumiliki hewa wala mnara, ilichokuwa nacho ni idhini ya muda.

Biashara ya mshipa mwembamba

Kampuni hizi hazikupata hata senti ya ada ya leseni waliyolipa wenye televisheni majumbani, kwani hiyo ilikuwa haki ya BBC. Wao waliishi kwa kuuza dakika za matangazo kwa wenye sabuni, chai na sigara. Faida yake ilikuwa kubwa hata Roy Thomson, aliyeshika leseni ya Scotland, akaifananisha na ruhusa ya kujichapia noti, na neno hilo likamwandama mpaka kaburini.

Hata hivyo, si kila kampuni ilichapa noti za kiwango kimoja. Zile kubwa za London, Manchester na Birmingham ndizo zilizotengeneza vipindi vilivyoonyeshwa nchi nzima, zikauziana na kubadilishana zenyewe kwa zenyewe, na kampuni ndogo zikabaki kama jamaa wa mbali kwenye karamu: hula kilichopakuliwa, na mchango hutoa.

Anglia ililitumikia jimbo lake kwa uaminifu. Kulikuwa na habari za jioni katika kipindi cha *About Anglia*, kulikuwa na kipindi cha wakulima, na mwaka 1966 ikatoa tamthilia ya *Weavers Green*, iliyohusu waganga wa mifugo kijijini. Ilifanikiwa pia kupenya karamu ya wakubwa: mchezo wa bahati na maswali uitwao *Sale of the Century* ulitoka Norwich tangu 1971 hadi 1983, na zile hadithi za *Tales of the Unexpected*, ambazo nyingi za mwanzo zilikuwa za Roald Dahl, zikafuata tangu 1979 hadi 1988.

Lakini vipindi vya namna hiyo huchakaa. Mchezo wa maswali wa mwaka jana ni kama gazeti la jana. Na kanda za video zilikuwa ghali katika siku zile, hata ilikuwa desturi katika nyumba za televisheni kufuta kipindi kilichokwisha kuonyeshwa ili kanda itumike tena. Kampuni ndogo ilihitaji kitu kisichochakaa, ambacho wakubwa hawakuwa nacho, na ambacho kingeuzika ng'ambo.

Nyumbu hasemi Kiingereza

Hapa ndipo alipoingia Aubrey Buxton. Mwanzoni mwa mwaka 1961 alianzisha mfululizo ulioitwa *Survival*, na kipindi chake cha kwanza kilihusu wanyama na ndege wanaoishi ndani ya jiji la London lenyewe. Haikupita muda, macho yake yakaelekea Afrika Mashariki.

Ukiliangalia jambo hili kijuujuu utasema ni mapenzi ya wanyama tu. Mapenzi yalikuwapo, kwa kuwa Buxton alikuwa miongoni mwa waliosimamisha nchini Uingereza mfuko wa kimataifa wa hifadhi ya wanyama, WWF, katika mwaka huo huo wa 1961. Lakini nyuma ya mapenzi kulikuwa na hesabu safi ya mfanyabiashara. Picha za wanyama hupigwa kwa filamu, si kwa kanda ya kufutwa. Simba wa 1965 ni simba yule yule wa 1985, hana nguo itakayopitwa na wakati. Fauka ya hayo, nyumbu hasemi Kiingereza: ukiondoa sauti ya msimulizi ukatia nyingine, filamu yako imekuwa ya Kijerumani, au ya Kijapani, au ya Kimarekani.

Marekani ndiko kulikokuwa na soko. Filamu ya Anglia juu ya visiwa vya Galápagos ya mwaka 1967 ilisimuliwa na Prince Philip mwenyewe na kuonyeshwa na shirika kubwa la televisheni la huko, NBC. Nazo za baadaye zikapewa sauti za waigizaji mashuhuri. Hatimaye *Survival* iliuzwa katika nchi zaidi ya 100, na jina la Norwich likafika mahali ambapo kampuni nyingi zilizoikalia meza ya wakubwa hazikupata kufika.

» Ukiondoa sauti ya msimulizi ukatia nyingine, filamu yako imekuwa ya Kijerumani, au ya Kijapani, au ya Kimarekani.

Alan na Joan Root wakawa nguzo ya mfululizo huo. Mwaka 1973 walitoa filamu ya mbuyu na wakazi wake, ambamo hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti, akaliziba kwa udongo hadi ukabaki ufa mwembamba tu, na dume akawa analisha familia nzima kupitia ufa huo kwa wiki kadhaa. Wakafuatia nyumbu wa Serengeti katika *The Year of the Wildebeest*. Wakapaa kwa puto la hewa ya moto juu ya mbuga, na mwaka 1974 wakawa wa kwanza kuivuka Kilimanjaro kwa chombo hicho. Na Alan ndiye aliyeanzisha, katika Maasai Mara, ile biashara ya kuwapandisha watalii kwenye maputo ambayo leo ni kawaida huko.

Kisha ikaja *Mysterious Castles of Clay*, filamu ya mwaka 1978 iliyohusu kichuguu. Kile ambacho mtoto wa shamba hukipita kila siku akienda kuchota maji, na pengine hukirukia akisubiri kumbikumbi baada ya mvua, kilifunuliwa ndani yake kama jumba lenye malkia, askari, vijakazi na njia za kupitishia hewa. Orson Welles akaisimulia, na filamu hiyo ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar.

Ushahidi wa yaliyopita

Thamani ya hazina hii si uzuri wa picha tu. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa kiasi cha 250,000, kwa maana sotoka ilikuwa imewaua ndama wao kizazi baada ya kizazi; ng'ombe wa pembezoni mwa mbuga walipochanjwa na maradhi yakatoweka, wakaongezeka mpaka wakapita milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Filamu ya akina Root iliwanasa katikati ya wimbi lile, likiwa bado linapanda.

Kwa upande wa pili, katika miaka ya mwanzo ya *Survival* kamera za Anglia zilikwenda Uganda, kandokando ya Nile, ambako vifaru weupe walikuwa wakikamatwa na kuhamishiwa Mbuga ya Murchison Falls ili wanusurike na majangili. Hawakunusurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kifaru wa mwisho wa porini alikuwa amekwisha kutoweka katika nchi ile, na wale walioletwa tena, tangu 2005, katika hifadhi ya Ziwa, si kizazi cha wale wa Nile.

Kwa hiyo Mganda atakaye kumwona kifaru wa nchi yake akitembea katika nyasi za nchi yake hana mbuga ya kwenda. Njia moja aliyobakiwa nayo ni filamu, na filamu imo ghalani Uingereza.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni hili. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na Zanzibar ikawa na yake, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970; lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994. Ina maana kwamba mkulima wa Norfolk aliwaona nyumbu wa Serengeti wakivuka mto, sebuleni kwake, miaka karibu 20 kabla ya mwalimu wa Mugumu au wa Musoma kuweza kuwasha kituo cha televisheni cha nchini mwake.

Mnada

Mwaka 1990 serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria mpya ya utangazaji, iliyobadilisha asili yenyewe ya leseni. Zamani mamlaka iliangalia nani atalihudumia jimbo vizuri zaidi. Sasa leseni ikapigwa mnada, kwa sharti kwamba mnunuzi awe amevuka kizingiti cha ubora.

Mnada ule wa mwaka 1991 ulitoa mambo ya ajabu. Kampuni za Central na Scottish, ambazo hazikuwa na mshindani, zilitoa zabuni ya pauni 2,000 kwa mwaka, bei ya gari kuukuu. Thames ya London, iliyokuwa kubwa kuliko nyingi, ikashindwa kwa bei na kupoteza leseni. TVS ya kusini ikapoteza kwa kinyume chake, kwa kuwa zabuni yake ilionekana kubwa mno hata isingeweza kulipika. Anglia ilitoa pauni milioni 17.8 kwa mwaka, ikaipata.

Ikaipata, lakini ilikuwa imejipaka asali. Vizuizi vya kununuana vilipolegezwa mwanzoni mwa mwaka 1994, kampuni zikaanza kumezana kama samaki wa Mzima. MAI, iliyokuwa na leseni ya kusini, ikainunua Anglia kwa kiasi cha pauni milioni 292. Mwaka 1996 MAI ikaungana na wenye magazeti ya United. Mwaka 2000 United ikaziuza televisheni zake kwa Granada ya Manchester. Mwaka 2002 jina la Anglia likaondolewa mbele ya vipindi vya kawaida, likabakia katika habari za jimbo. Na mwanzoni mwa mwaka 2004 Granada na Carlton zikaungana kuwa kampuni moja, ITV plc, ambayo makao yake ni London.

Yaani ndani ya miaka kumi mali ilipita mikono minne, na ile hofu ya mwaka 1954 ikatimia kwa utulivu, bila ya mtu kupiga kelele bungeni.

» Ndani ya miaka kumi mali ilipita mikono minne.

Yule farasi wa fedha alikuwa amekwisha kustaafishwa tangu mwaka 1988. *Survival* yenyewe ilifungwa mwaka 2001, ikiwa imetimiza miaka 40 na vipindi karibu 1,000. Miongoni mwa kazi zake za mwisho ilikuwa filamu nyingine ya chemchemi zile zile za Mzima, iliyopigwa na Mark Deeble na Victoria Stone: mfululizo ukafia kwenye maji uliyoyatangaza duniani.

Wasemavyo wa huku na wa huko

Wapo wanaoutetea muungano huo wa kampuni, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema kwamba mipaka ya majimbo ilichorwa na urefu wa minara, haikuchorwa na udugu wa watu; na kwa kweli mwaka 1974 mnara wa Belmont, pamoja na watazamaji wake wa Lincolnshire, ulichukuliwa kutoka Anglia ukapewa Yorkshire kwa maandishi ya kalamu tu, kama mtu ahamishaye kigingi cha shamba. Wanasema pia kwamba televisheni ya setilaiti ilipofika mwaka 1989, na stesheni ya Channel 4 ilipoanza kujiuzia matangazo yake mwaka 1993, ile faida ya kujichapia noti ilikwisha. Na kampuni 15, kila moja na wakurugenzi wake, wauzaji wake na wahasibu wake, ni anasa ambayo hakuna soko lingeibeba.

Wanaolalamika nao wanajibu kwamba jimbo halikuwa likipewa habari za jioni tu. Lilikuwa na kazi kwa mafundi wake, lilikuwa na tamthilia zenye lafudhi yake, na lilikuwa na watu wenye kauli ya mwisho wanaokaa umbali wa kutembea kwa miguu. Habari bado zinatoka Norwich mpaka leo, na leseni ya mashariki bado imeandikwa kwa jina la jimbo katika daftari la serikali, kwa masharti ya saa ngapi za habari zitolewe. Lakini kipindi kama *Survival*, kilichobuniwa na bwana wa Norfolk kwa sababu alikuwa na idhini ya kuthubutu, hakiwezi kuzaliwa mahali ambapo kila jambo lazima kwanza liombewe ruhusa London.

Pande zote mbili zina lao, na mwandishi huyu hataki kujifanya kadhi. Ila lipo jambo moja ambalo wabishani wote hulipita. Leseni ilikuwa amana: ilitolewa na umma, kwa muda, kwa masharti, na iliweza kurudishwa. Filamu zilizotengenezwa kwa nguvu ya leseni hiyo hazikuwa na muda wala masharti. Amana ilizaa milki. Leseni ilipopigwa mnada na kampuni ikauzwa, milki ilikwenda nayo kama ndama amwandamavyo mama yake.

Kilichosalia ghalani

Watu wa Norwich walipata bahati, na bahati yao ilitokana na mtu aliyeona mbele. Mwaka 1976 ilianzishwa East Anglian Film Archive, hifadhi ya kwanza ya filamu ya kijimbo katika Uingereza, ambayo baadaye ikawa chini ya Chuo Kikuu cha East Anglia. Humo zimewekwa filamu za harusi za vijijini, za mavuno na za gharika. Na humo humo zimewekwa habari nyingi za Anglia zilizopigwa kwa filamu. Mjukuu wa mvuvi wa Lowestoft anaweza leo kwenda kutafuta sura ya babu yake.

Hii haina maana kwamba hifadhi ni mwenye mali. Mara nyingi mshika filamu na mwenye haki ya filamu ni watu wawili: huyu ana makopo na baridi ya kuyahifadhi, yule ana karatasi. Lakini aliye karibu na kopo, walau, hubisha hodi akafunguliwa.

Kwa watu wa Tsavo na Serengeti hodi hiyo ni ya mbali. Ardhi ilipigwa picha kwa idhini ya serikali za wakati ule, na hakuna aliyeibiwa. Hilo lisemwe wazi, na baadhi ya waliopiga picha hizo waliipenda ardhi hiyo kwa gharama ya viungo vyao. Joan Root aliuawa nyumbani kwake Naivasha mwezi wa Januari 2006. Alan akafariki mwezi wa Agosti 2017. Mashahidi wanakwisha, na ushahidi unabaki kuwa kifungu katika hesabu za kampuni ambayo wenye hisa zake yamkini hawajui Mzima iko nchi gani.

Dai linaloweza kutolewa kwa haki ni dogo, wala si la fedha. Mombasa ya kale ilikuwa na visima vilivyochimbwa na matajiri wakaviweka wakfu: kisima kilikuwa na jina la aliyekichimba, na sifa zilikuwa zake, lakini ndoo iliachwa kisimani ili apitaye achote. Nakala za filamu za mbuga hizi, zikiwekwa katika makavazi ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa ajili ya wanafunzi na wahifadhi wa wanyama, zikawekewa sauti ya Kiswahili badala ya ile ya Hollywood, hazingempunguzia mwenye haki soko lake. Nyumbu, kama tulivyosema, hasemi Kiingereza. Na usimulizi huondolewa ukawekwa mwingine. Anglia yenyewe ndiyo iliyolithibitisha jambo hilo.

Askari wa wanyama pale Mzima, ukimuuliza kwa nini kiboko haonekani kutoka katika chumba cha vioo, atakuonyesha kwa kidole upande wa pili wa bwawa, ambako pua na masikio huibuka na kuzama. Viboko wale, vizazi vimepita, wamekwisha kujifunza chumba kilipo, nao hukaa mbali na vioo. Mgeni hupanda ngazi akiwa ameona samaki. Kiboko atembeaye chini ya maji ya Mzima kwa hatua nyepesi yupo, amehifadhiwa vizuri, mahali pakavu penye baridi, mwendo wa siku nzima kwa ndege kutoka hapo.